Fedha ya Kaboni Kutoka Msitu wa Kijiji: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mpaka Hadi Mgao

Vijiji vya Kanda ya Kaskazini vinavyotafuta fedha ya kaboni, yaani malipo ya kulinda miti inayohifadhi hewa ukaa, vinakwama karibu vyote mahali pamoja. Mgeni anafika na gari, anafunga projekta, anataja dola, watu wanapiga makofi na mwenyekiti anasaini. Miaka inapita, hakuna shilingi iliyoingia, na wafugaji wameshaambiwa wasiingize ng'ombe msituni. Anayeumia kwanza ni mama aliyekuwa akiokota kuni pale na kijana aliyekuwa na mizinga yake.

Msitu kuwa na kaboni haitoshi. Vijiji hivi vimeanzia kwa mnunuzi, ambaye ni wa mwisho. Kinachouzwa ni ushahidi kwamba kijiji chenye haki ya kisheria juu ya eneo fulani kimezuia ukataji ambao ungetokea. Ushahidi huo hujengwa kwa mpangilio, na hatua ikirukwa, inayofuata haisimami.

Mwongozo huu ni kwa wenyeviti, watendaji, kamati za maliasili na maafisa wa mashirika yaliyoko Arusha na Moshi wanaovisaidia vijiji vya Longido, Monduli, Karatu, Mbulu, Kiteto, Simanjiro na Same. Wenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya mlimani, wana sehemu yao karibu na mwisho.

## Mahitaji kabla ya kuanza

Nyaraka

- Cheti cha Ardhi ya Kijiji na ramani ya mipaka iliyosajiliwa.
- Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji, au barua ya halmashauri ya wilaya inayoonyesha umeanza kuandaliwa.
- Rejista ya wakazi kwa kila kitongoji.
- Daftari la mihtasari ya mikutano mikuu, pamoja na karatasi za mahudhurio.
- Sheria ndogo zilizopo, hata kama ni za zamani.

Watu

- Kamati ya Maliasili ya Kijiji iliyochaguliwa na mkutano mkuu.
- Afisa misitu na afisa ardhi wa wilaya.
- Mwanasheria asiyelipwa na kampuni inayoleta mradi. Sharti hili msililegeze.
- Mtu mmoja anayejua vitabu vya hesabu.

Vifaa vya uwandani, kwa timu ya watu watano

- GPS moja, au simu mbili zenye programu ya ramani inayofanya kazi bila mtandao.
- Futi ya kamba ya mita 50, na futi mbili za kipenyo.
- Fimbo iliyokatwa mita 1.3 kamili.
- Dira, na kipimo cha mteremko.
- Rangi ya mafuta, fomu na penseli. Kalamu ya wino huacha doa jeusi karatasi ikilowa umande.
- Mtu wa kijiji anayejua miti kwa majina ya kienyeji. Huyu ni wa lazima kama GPS.

Wekeni na muda. Kutoka mkutano wa kwanza hadi malipo ya kwanza, miaka miwili au mitatu ni kawaida. Anayeahidi fedha ndani ya miezi sita anawauzia kitu kingine.

## Hatua ya 1: Hakikisheni msitu ni wenu

Fungueni ramani na muulize msitu huu uko chini ya nani. Kama ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro au ya Arusha, uko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kama ni msitu wa hifadhi wa serikali, mfano Msitu wa Rau pale Moshi au Msitu wa Monduli, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwenye misitu hiyo kijiji kinaweza kuingia usimamizi shirikishi na kupata faida zilizokubaliwa, lakini hakiwezi kuuza kaboni kama mwenye mali. Vijiji vya chini ya Mlima Kilimanjaro vilivyozoea Nusu Maili, ule ukanda wa msitu unaopakana navyo, vielewe hili mapema, maana ahadi nyingi za uongo hupitia hapo.

Msitu unaofaa ni ule ulio ndani ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya 2002, inakiruhusu kijiji kutangaza Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji. Njia hii haikuanza leo: vijiji vinavyozunguka Duru-Haitemba, Babati, vilikabidhiwa usimamizi wa msitu wao katikati ya miaka ya 1990.

Msidhani pia kwamba lazima uwe msitu mnene. Tafsiri ya msitu ambayo Tanzania inaitumia katika hesabu za kaboni ni eneo la angalau hekta 0.5, lenye miti inayofikia mita 3, na mwavuli unaofunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Pori la migunga la Longido linaweza kuingia.

Tembeeni mpakani kwa miguu, pamoja na wazee na viongozi wa vijiji jirani. Kila kona ichukuliwe alama ya GPS, iwekwe rangi kwenye mti au jiwe, na wawakilishi wa pande zote mbili wasaini siku hiyo hiyo. Palipo na ubishi, pakatwe nje ya mradi mpaka patatuliwe. Hekta 200 zenye ugomvi zinaweza kuangusha hekta 5,000 safi, kwa sababu mkaguzi akikuta mgogoro wa ardhi husimamisha uthibitisho wa eneo lote.

Mmefaulu ikiwa: mna faili la mpaka, na kijiji jirani kimesaini bila kuvutwa.

Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, lifundishe. Wahadzabe walipata kwanza hati miliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na mauzo ya kaboni yakajengwa juu ya hati hiyo.

## Hatua ya 2: Pigeni hesabu kabla ya kumwita mtu

Hapa ndipo vijiji vingi vingejiokoa. Tuseme mna hekta 2,000. Picha za setilaiti za miaka kumi iliyopita, ambazo hupatikana bure, zinaonyesha maeneo kama yenu hupoteza asilimia 1 ya msitu kwa mwaka. Kila hekta ina takriban tani 100 za hewa ukaa. Hesabu inakwenda hivi:

1. Msitu ambao ungepotea: hekta 20 kwa mwaka, sawa na tani 2,000.
2. Hakuna doria inayozuia kila kitu. Mkifaulu kwa asilimia 80, zinabaki tani 1,600.
3. Baadhi ya wakataji watahamia msitu wa jirani. Huu huitwa uvujaji. Tukikata asilimia 15, zinabaki 1,360.
4. Sehemu huwekwa akiba ya tahadhari kwa ajili ya moto na ukame, na haiuzwi. Tukikata asilimia 20, zinabaki krediti 1,088.
5. Kwa bei ya mfano ya dola 5, mapato ni dola 5,440 kwa mwaka.

Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa. Kumleta mkaguzi huru wa kimataifa hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kijiji hicho peke yake hakiwezi kulipa hata ukaguzi mmoja.

Kwa hiyo unganeni. Vijiji kadhaa vyenye hekta 40,000 kwa hesabu hiyo hiyo vinapata krediti 21,760, yaani dola 108,800, na ukaguzi unabaki mmoja. Mradi wa Milima ya Ntakata, wilaya ya Tanganyika, umevishika vijiji vinane kwa pamoja, na fedha yake imefika kwenye zahanati, madarasa na bima ya afya.

Angalieni pia namba ya kwanza. Msitu ambao haujawahi kutishiwa, ulio mbali na barabara na usioguswa, hutoa krediti chache au hautoi kabisa, kwa sababu hakuna upotevu uliozuiwa. Watu huona si haki, na wana hoja, lakini ndivyo mfumo unavyohesabu.

Kama hesabu haifiki, simameni hapa. Msitu unaweza bado kuwalipa kwa asali, kwa uvunaji wa mbao wenye mpango, au kwa ruzuku ya Mfuko wa Misitu Tanzania.

Mmefaulu ikiwa: mna ukurasa mmoja wenye namba tano za hapo juu, na mwanakijiji yeyote anaweza kuelezwa kila moja imetoka wapi.

## Hatua ya 3: Orodhesheni wanaoutegemea msitu

Fanyeni hivi kabla ya kikao chochote cha ridhaa. Nendeni kitongoji kwa kitongoji na mjaze jedwali: nani anaokota kuni, nani ana mizinga, nani anachimba dawa, nani anachoma mkaa, nani huleta mifugo miezi ya ukame na anatoka wapi.

Kaeni na wanawake peke yao. Kwenye mkutano wa mchanganyiko swali la kuni hujibiwa na wanaume ambao hawazibebi. Chukueni majivu mchore msitu chini, kisha kila mama aweke punje ya haragwe mahali anapookota kuni. Baada ya dakika ishirini utaona punje zimerundikana sehemu mbili tatu, mara nyingi kando ya korongo lililo karibu na nyumba. Hizo ndizo sehemu za kuachwa wazi au kuwekewa utaratibu. Mkizifunga, mmewatoza maskini gharama ya mradi.

Wafugaji wanaohama waandikwe hata kama hawapo siku hiyo. Eneo la alalili, la akiba ya malisho, liheshimiwe ndani ya mpango. Msitu unaowafungia ng'ombe mwaka mzima utavunjwa mwaka wa kwanza wa ukame, na kila mtu atakuwa na hoja.

Mmefaulu ikiwa: kila kundi litakalopoteza kitu limetajwa kwa maandishi, pamoja na fidia au mbadala wake.

## Hatua ya 4: Pateni ridhaa ya mkutano mkuu

Saini ya mwenyekiti si ridhaa. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25 na hufanya kazi kwa niaba ya Mkutano Mkuu, ambao ni watu wazima wote wa kijiji. Uamuzi wa kufunga rasilimali kwa miongo kadhaa ni wa mkutano huo.

Fanyeni mikutano mitatu. Wa kwanza ni wa kueleza tu, bila kupiga kura. Toeni habari mbaya pamoja na nzuri: kitakachozuiwa, muda wa mkataba, na kwamba bei hupanda na kushuka. Acheni angalau wiki tatu watu wajadili majumbani, kwenye vikao vya wazee na vikundi vya kina mama. Wa pili ni wa maswali, na majibu yaandikwe. Wa tatu ndio wa kura, na watu waambiwe wazi kwamba wakikataa, mambo yanaishia hapo bila kinyongo.

Tumieni lugha ya mahali. Mkutano wa Kiswahili tupu kwenye boma la wazee wa Kimasai au Kimang'ati huacha nusu ya watu wakitikisa kichwa kwa heshima.

Muhtasari uwe na tarehe, ajenda, hoja za waliopinga, idadi ya kura, na mahudhurio yenye jina, jinsia, kitongoji na saini au dole gumba. Muhtasari usioonyesha upinzani wowote humtia mkaguzi shaka. Nakala moja ibaki kijijini chini ya kufuli, moja iende kata, moja wilayani.

Onyo: posho nono siku ya kura ni sumu. Mtu akija baadaye kusema walinunuliwa, hamna jibu.

## Hatua ya 5: Mpango wa usimamizi na sheria ndogo

Mpango wa usimamizi wa msitu unaeleza kanda za msitu na kinachoruhusiwa kila kanda. Sheria ndogo zinaupa meno: faini, nani anakamata, stakabadhi gani inatolewa, fedha inaingia wapi. Mkutano mkuu unapitisha, kisha Baraza la Madiwani linaidhinisha. Bila idhini hiyo, mtuhumiwa akifikishwa mahakamani anatoka siku hiyo hiyo, na doria inakata tamaa.

Faini ziwe za kulipika. Faini kubwa kuliko thamani ya mbuzi kadhaa haitozwi na mtu, na badala yake huzaa rushwa.

## Hatua ya 6: Pimeni msitu

Wataalamu watakuja na setilaiti zao, lakini vipimo vya ardhini ndivyo vinavyotoa namba, na watu wa kijiji wanaweza kuvichukua vizuri wakifundishwa siku tano. Pimeni Juni na Julai: masika imekwisha, barabara zinapitika, na miti mingi bado ina majani ya kuitambulisha.

Idadi ya ploti. Ploti ni vipande vidogo vinavyopimwa kwa niaba ya msitu wote. Zidisheni 2 kwa asilimia ya utofauti wa msitu, yaani jinsi ploti zinavyopishana, gawanyeni kwa asilimia ya kosa mnalokubali, kisha jibu mlizidishe kwa lenyewe. Msitu wenye utofauti wa asilimia 60 na kosa la asilimia 10 unahitaji ploti 144. Mkikubali kosa la asilimia 20, ploti 36 zinatosha, lakini viwango vya kimataifa hukata krediti pale kosa linapokuwa kubwa. Timu moja hufanya ploti nne hadi sita kwa siku.

Kuweka ploti. Ploti ya mviringo yenye nusu kipenyo cha mita 15 ina hekta 0.07. Sehemu zake zichaguliwe kwenye ramani kabla ya kutoka ofisini. Mkifika kwenye alama na kukuta miiba, pimeni hapo hapo. Kusogea mahali penye miti mizuri ni kughushi, hata kama nia ilikuwa njema. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, kamba inayolala juu ya ardhi inatakiwa iwe mita 17.3 ili ilingane na mita 15 za mlalo.

Kupima mti. Simamisheni fimbo ya mita 1.3 upande wa juu wa mteremko, ikigusa shina. Ondoeni mimea inayotambaa juu ya shina na magome yaliyolegea. Futi ya kipenyo izunguke shina bila kupinda, ivutwe mpaka ikaze, na msomaji ataje namba kwa sauti huku mwandishi akiirudia. Mti uliogawanyika panda mbili chini ya mita 1.3 huhesabiwa miti miwili. Wenye uvimbe mahali hapo hupimwa juu kidogo ya uvimbe, na fomu iandikwe hivyo. Mti ulioinama hupimwa kwa kufuata shina, upande wa ndani wa mwinamo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika mzingo mahali pa kipenyo. Futi ya fundi cherehani hutoa mzingo, na ni lazima ugawanywe kwa 3.14. Mkisahau, uzito wa mti unapanda karibu mara 17. Fomu moja ya namna hiyo hugundulika kwa mkaguzi, na baada ya hapo haamini fomu nyingine yoyote.

Kutoka kipenyo hadi kaboni. Kwa miombo ya Tanzania upo mlinganyo unaotumika sana: uzito mkavu wa juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.1027 mara kipenyo kwa sentimita kikipandishwa kwa kipeo cha 2.4798. Mti wa sentimita 20 unatoa kilo 173. Mizizi yake, kwa mlinganyo wake, inaongeza kilo 80 hivi, jumla 253. Zidisha kwa 0.47 upate kaboni, kilo 119. Zidisha kwa 44 na ugawanye kwa 12 upate hewa ukaa, kilo 436 hivi. Pori la migunga na msitu wa mlimani vina milinganyo yao. Ya miombo isihamishiwe huko.

Rudieni kupima ploti moja kati ya kumi kwa timu tofauti. Ikiwa vipenyo vinapishana kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, wafundisheni upya.

Mmefaulu ikiwa: mtu asiyekuwepo anaweza kuifikia ploti yoyote kwa alama zenu na kupata namba zile zile.

## Hatua ya 7: Usajili serikalini na kwenye kiwango

Biashara ya kaboni nchini inaongozwa na Kanuni za Usimamizi na Udhibiti wa Biashara ya Kaboni za mwaka 2022, zilizorekebishwa 2023. Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo mamlaka, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni, NCMC, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ndicho kinachosajili miradi. Andiko la awali hupelekwa huko kabla ya mkataba wa mauzo. Jedwali la mgao lililo kwenye kanuni na marekebisho yake lichapishwe na libandikwe ofisi ya kijiji, kwa sababu ndiyo sakafu ya mazungumzo yenu na kampuni.

Kisha mnachagua kiwango, yaani mfumo wa kimataifa ambao kanuni zake zitathibitisha krediti zenu. Plan Vivo imetengenezwa kwa ajili ya jamii na wakulima wadogo, na inataka angalau asilimia 60 ya mapato iwafikie. Verra ina soko kubwa zaidi, ila taratibu zake ni nzito na zinafaa eneo kubwa.

Kama kampuni imeshakuja na mapendekezo, ombeni namba yake ya usajili NCMC. Jibu la kusubirisha lina maana.

## Hatua ya 8: Mkataba

Msiharakishe hapa hata kwa siku moja. Mkataba ukaliwe kikao kizima, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, na uandike kwamba nakala ya Kiswahili ndiyo yenye nguvu kukiwa na utata.

Asilimia ya nini? Ndilo swali la kwanza. Tuseme zimeuzwa krediti 20,000 kwa dola 8, jumla dola 160,000. Asilimia 60 ya mauzo ghafi ni dola 96,000. Sasa tuseme mkataba unasema asilimia 60 baada ya gharama, na kampuni inaleta gharama za dola 100,000. Zinabaki 60,000, na kijiji kinapata 36,000. Asilimia ni ile ile, fedha imepungua zaidi ya nusu. Daini asilimia ya mauzo ghafi. Ikishindikana, gharama ziwekewe kikomo cha namba, na kila moja iwe na risiti mnayoweza kuikagua.

Mnajuaje bei? Kijiji kiwe na haki ya kuona kila mkataba wa mauzo. Kifungu cha siri kinachowazuia wanakijiji kujua msitu wao umeuzwa kiasi gani kisikubalike.

Sakafu ya bei. Wekeni kiwango cha chini ambacho chini yake kampuni haiuzi bila ridhaa yenu.

Muda. Miaka 30 au 40 ni umri wa kizazi. Dai liwe mapitio kila baada ya miaka mitano, na haki ya kujitoa kampuni ikikosa kulipa kwa kipindi kinachotajwa.

Ardhi. Mkataba useme kinachouzwa ni krediti peke yake. Ardhi, malisho, maji, madini na utalii vibaki mikononi mwa kijiji. Neno "haki zote zinazohusiana" lifutwe.

Fedha za kigeni. Andikeni siku gani ya kiwango cha Benki Kuu itatumika kubadilisha dola, na malipo yafike ndani ya siku ngapi baada ya mnunuzi kulipa.

Migogoro. Ianzie kijijini, iende wilayani, kisha mahakama za Tanzania. Usuluhishi wa London hakuna kijiji kitakachoumudu.

Onyo: fedha ya kutia saini, hata ikiitwa zawadi, mara nyingi ni mkopo unaokatwa kwenye malipo ya kwanza. Ulizeni, na jibu liandikwe.

Mmefaulu ikiwa: mwanasheria wenu amesaini kila ukurasa, na mjumbe yeyote wa kamati anaweza kueleza mgao bila kushika karatasi.

## Hatua ya 9: Doria, moto na kuni

Krediti hutokana na yanayofanyika msituni kila wiki. Doria iwe na daftari: tarehe, njia, alama za GPS, kilichoonekana, hatua iliyochukuliwa. Siku isiyo na tukio iandikwe pia. Walinzi walipwe kabla ya mtu mwingine yeyote, maana mlinzi asiyelipwa miezi mitatu ndiye atakayempisha mchoma mkaa.

Barabara za kuzuia moto zifyekwe mara tu masika inapokwisha, nyasi zikiwa bado na unyevu. Mkisubiri Septemba mnafyeka petroli.

Mbadala wa kuni uanze mwaka wa kwanza, kabla fedha haijafika. Shamba la miti la hekta moja kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 linachukua miche 1,600. Liwe karibu na nyumba.

## Kwa wenye vihamba Moshi, Rombo na Meru

Hapa njia ni upandaji miti. Miti mikubwa iliyopo tayari, mruka na mringaringa wa babu, haihesabiwi. Inayohesabiwa ni nyongeza. Eneo lililofyekwa msitu wa asili ndani ya miaka 10 iliyopita halikubaliki kwenye viwango vikubwa.

Muwe wakweli kwenye matarajio. Chukulieni ule mti wa sentimita 20 kama makadirio: miti 100 ikifika hapo imehifadhi tani 44 hivi, kwa miaka yote ya kukua kwake. Kwa dola 8 ni kama dola 350 kabla ya makato. Kihamba kimoja hakilipi mkaguzi, kwa hiyo ingieni kama kikundi cha mamia ya kaya, kupitia chama cha msingi cha kahawa ambacho tayari kina daftari la wanachama. Pandeni mti ambao ungeupanda hata bila kaboni, kwa kivuli cha kahawa, mbao au malisho. Fedha ya hewa ukaa iwe nyongeza tu juu ya hayo.

## Hatua ya 10: Akaunti na mgao

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kaboni imetokea mno.

Fungueni akaunti ya msitu, tofauti na akaunti kuu ya kijiji. Watia saini wawe wanne, angalau wawili wanawake, na mmoja asiwe kiongozi. Bajeti ya mwaka ipitishwe na mkutano mkuu kabla ya kutoa shilingi yoyote.

Mpangilio wa kulipa unaofanya kazi ni huu: kwanza walinzi na moto, pili waliopoteza matumizi ya msitu mliowaandika hatua ya 3, tatu akiba ya mwaka ambao soko litashuka, nne huduma za wote, na mwisho, ikibaki, mgao wa kaya. Zahanati ikitangulia waliopoteza, mchoma mkaa hana sababu ya kuacha, na mjane aliyenyimwa kuni anamlipia tajiri darasa la mtoto wake.

Mkifikia mgao wa kaya, amueni kwanza kaya ni nini. Mkilipa wakuu wa kaya peke yao, mke wa pili, mjane anayeishi kwa mwanawe na binti aliyerudi nyumbani wanakosa. Ni rahisi zaidi kumlipa kila mtu mzima aliyeko kwenye rejista, kwa simu, na orodha ya waliolipwa ibandikwe.

Kila miezi mitatu, mkutano mkuu wa kawaida ukikaa, mtendaji asome mapato na matumizi kwa sauti: krediti zilizouzwa, bei, kilichoingia, kilichotoka, salio. Karatasi hiyo ibaki kwenye ubao wa matangazo mpaka ya robo inayofuata itoke. Anayelalamika apewe namba ya lalamiko na jibu la maandishi ndani ya siku 14. Asiporidhika, aonyeshwe jina la afisa wa wilaya atakayemsikiliza, pamoja na siku anayopatikana ofisini.